Ua Lisilo na Anwani

Wiki tatu zilizopita tulikuwa kwenye kikao cha wasomaji, watu kumi na wawili hivi, kahawa, kashata, na riwaya moja mezani ambayo nusu yetu hatukuwa tumeimaliza. Mazungumzo yakaihama riwaya, kama kawaida yake. Mshairi mmoja, mtu mzima ninayemheshimu na ambaye sitamtaja, akaona begi la kamera miguuni pangu, akauliza siku hizi napiga nini. Nikasema: mimea. Mimea ya bustani za mjini na miti ya mitaani. Akatabasamu, akasema, "Mpiga picha akiishiwa la kusema hupiga maua." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana ukiwa umekaa na wakubwa utafanyaje?

Nimekaa na neno lile wiki zote hizi. Jibu langu ninalo sasa, na sidhani kama ndilo alilolitegemea. Nakubaliana naye zaidi ya nusu ya njia. Picha nyingi za maua zinazopigwa hapa kwetu hazisemi kitu. Ila mzee wangu amemkamata mtuhumiwa siye. Ua halina hatia. Mwenye hatia ni ukungu.

Ukungu gani? Fungua simu yako sasa hivi, mtafute rafiki yako yeyote aliyejiita "mpenzi wa asili". Utaliona ua moja katikati, rangi imekolezwa, tone la maji juu ya petali (limenyunyizwa kwa chupa, tusidanganyane), na nyuma yake kijani kilicholainishwa kama uji wa mgonjwa. Hakuna ukuta, hakuna njia, hakuna mtu, hakuna hata saa ya siku. Chini pameandikwa "Uzuri wa asili" na kijimoyo. Hapo ni Dar? Ni Mombasa? Ni Bangkok? Ni kalenda ya duka la dawa? Huwezi kujua, na aliyepiga hataki ujue. Ameingia bustani ya jiji, akatumia ufundi wake wote kulifuta jiji, kisha akatoka anajiita msanii.

Zamani ukungu huo ulikuwa na bei. Ulitaka lenzi yenye tundu kubwa, na lenzi za namna hiyo zinauzwa kwa pesa ya pikipiki. Ndiyo sababu ukageuka kuwa cheo: ukiona nyuma kumefifia, unajua mwenye picha ana mtaji. Sasa simu zinafanya kwa hesabu. Programu inakisia ukingo wa ua uko wapi, halafu inapaka ukungu kila kilichobaki. Ndiyo maana mara nyingine inakula ncha ya jani au inaacha kipande cha ukuta kimening'inia hewani. Yaani tumefika mahali simu inakuamulia kwamba mji wako ni takataka, na wewe unaishukuru.

Tulifikaje huku? Nadhani ni kwa sababu bustani zetu tumezizoea kama pazia. Mwaka jana niliingia bustani moja ya jiji asubuhi ya Jumamosi, nikachuchumaa mbele ya kichaka cha bogenvilia. Sijamaliza hata picha ya tatu, mlinzi huyu hapa.

"Dada, harusi iko wapi?"

"Hakuna harusi, kaka. Napiga haya maua."

"Maua na nani?"

"Maua tu."

Akafikiri kidogo. Harusi ina bei yake pale, video ya wimbo ina bei yake. Maua tu hayamo kwenye karatasi yake. Akaniambia nikalete kibali, na nilipomuuliza kibali kinapatikana wapi akasema hajui, kwa sababu hajawahi kuona mtu akikitafuta. Sikumkasirikia. Yeye na mshairi wetu wanasema jambo moja: mmea si habari, mmea ni pambo la habari ya mtu. Na huyu wetu wa ukungu anadhani amepindua meza, kumbe ameligeuza ua kuwa bibi harusi, akaufanya mji mzima kuwa pazia, kisha pazia lenyewe akalichana.

Hebu tuichukue Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, pale karibu na Makumbusho ya Taifa, upande wa Barabara ya Samora. Ilianzishwa mwaka 1893, enzi za Wajerumani, na jina linalotajwa na mwanzo wake ni la Franz Stuhlmann. Haikuanzishwa ili wapenzi wapate pa kukaa. Ilikuwa mahali pa kujaribia mazao: mmea gani ukiletwa kutoka huku utakubali udongo huu, na utaingiza shilingi ngapi. Katika mwaka huohuo wa 1893 mkonge uliletwa Tanga kutoka Florida na Richard Hindorf. Kati ya vichipukizi elfu moja vilivyotumwa, vilivyofika hai na kupandwa ni 62. Kutokana na hivyo 62 yakatoka mashamba, manamba, reli, na nusu ya historia ya ukoo wa mama yangu. Kwa hiyo ukisimama ndani ya bustani ile, kila mti uliopangwa kwa mstari ni sentensi katika hati ya zamani. Mkrismasi unaowaka mwekundu kila Desemba asili yake Madagaska. Bogenvilia imetoka Amerika ya Kusini na imebeba jina la nahodha Mfaransa. Mwarobaini umetoka upande wa Bara Hindi, ukapokelewa vizuri mpaka ukapewa jina la Kiswahili lenye hesabu ya magonjwa ndani yake. Kuna mnazi wa Ushelisheli, jamaa wa mbegu kubwa kuliko zote duniani. Na nje ya uzio, honi, wauza maji, ghorofa zinazoongezeka.

Sasa uje wewe na tundu lako kubwa la lenzi, uchague jani moja, na vyote hivyo uvigeuze uji!

Najua mtakalonijibu, kwa sababu wasomaji wa hapa si watu wa kulala. Mtasema: na Karl Blossfeldt je? Kweli. Yule mwalimu wa Berlin alipiga mimea kwa zaidi ya miaka thelathini, akitumia kamera alizozitengeneza mwenyewe, akiikuza hadi mara thelathini, na kitabu chake cha 1928, *Urformen der Kunst*, kiliwafanya watu waone nguzo na vyuma vya kufuma katika vikonyo vya magugu ya kando ya njia. Nyuma ya mimea yake hakuna mji. Hakuna chochote, ni karatasi tupu. Na Anna Atkins, yule Mwingereza aliyeanza mwaka 1843 kutoa kitabu cha miani kwa picha za rangi ya buluu, hakutumia hata kamera. Aliulaza mmea juu ya karatasi yenye dawa akauacha juani.

Lakini tazameni vizuri walichofanya. Blossfeldt aliukata mmea, akaupeleka chumbani, akauweka mbele ya karatasi, na picha yenyewe inakuambia hivyo. Alikuwa anatengeneza vielelezo vya kufundishia wanafunzi wa uchongaji. Atkins alikuwa anatunza kumbukumbu ya viumbe, kila kimoja na jina lake la kisayansi. Hakuna hata mmoja aliyekuambia "karibu bustanini" kisha akaificha bustani. Picha ya ukungu inataka vyote viwili: sifa ya kuwa nje, juani, kwenye uhai, na usafi wa chumba kilichofungwa. Hapo ndipo ninapoita uongo kwa jina lake.

Mnataka mfano wa bustani? Mtazameni Eugène Atget, mzee mgonjwa, miaka miwili kabla ya kufa, mwaka 1925, akibeba kamera yake nzito ya mbao kwenda Parc de Sceaux, nje kidogo ya Paris. Bustani ya wakubwa iliyokuwa imeachwa ikachakaa. Alikwenda alfajiri, akaandika mwezi na saa kwenye picha. Miti yake imesimama pamoja na sanamu zilizoota ukungu halisi (ule wa kuoza, siyo wa lenzi), vidimbwi, ngazi zilizovunjika, nyasi zinazokula njia. Huwezi kuichukua miti ile ukaihamishia mahali pengine. Ina anwani.

Na neno hilo, anwani, ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu sisi watu wa miji hii tulikuwa nalo kabla ya kamera. Dar es Salaam ni mji ulioupa uwanja wake jina la mnazi mmoja. Tunakaa Mikocheni, jina la mikoche. Tunashuka Mbuyuni, tunapita Mwembechai, tunakwenda mkutanoni Mwembe Yanga. Ukimwelekeza mgeni hadi leo, utamwambia: ukifika kwenye mwarobaini mkubwa, kata kushoto. Mti kwetu ni mahali. Mmea umeshikamana na sehemu mpaka sehemu imechukua jina la mmea, hata pale ambapo mmea wenyewe ulishakufa zamani na hakuna anayekumbuka ulisimama wapi hasa. Sasa kizazi chenye kamera nyingi kuliko vyote vilivyotangulia kimechagua mtindo mmoja tu, ule unaoubandua mti kutoka mahali pake. Mbona hatushangai?

Na ninyi waandishi msikae pembeni mkipiga makofi, kwa sababu ukungu huu mnao kwenye kurasa zenu. Nimesoma hadithi ngapi mwaka huu ambamo mhusika "alikaa chini ya mti"? Mti gani, jamani? Chini ya mvinje unasikia upepo kabla hujauona. Chini ya mkungu unaangukiwa na kungu kichwani na popo wanakuchafua. Chini ya mkwaju unapata kivuli chepesi chenye vitundu, chini ya mwembe kivuli kizito cha kulalia. Mtu aliyeachwa na mkewe hawezi kulia kwa namna moja chini ya miti yote hiyo. Ebrahim Hussein alipoandika *Mashetani* hakuweka "mti" jukwaani. Aliweka mbuyu, na mbuyu ukaja na mambo yake yote, huhitaji kuelezwa. Washairi wa kale wa pwani walilijua asumini, wakalijua kilua, wakalijua mkadi, kila moja na harufu yake na saa yake ya kuvaliwa. Leo hata mshairi wangu wa kwenye kahawa, nimerudi kumsoma, ana "ua" katika mashairi saba, na ua hilo halina jina hata mara moja. Kwa hiyo mzee wangu, kwa heshima zote: aliyeishiwa la kusema kuhusu maua ni nani?

Jina lina uzito wake. Mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota kiua cha zambarau huko Usambara, akakipeleka kwao. Mwaka uliofuata kikapewa jina la kisayansi kutokana na jina lake: *Saintpaulia*. Leo kimo kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani, na wengi wanaokimwagilia hawajui kama kuna mahali panaitwa Usambara. Hicho kiua hakihitaji kufifishwa nyuma. Kilishafifishwa zaidi ya karne moja iliyopita. Ukikipiga picha bila kuandika umekipiga wapi, unaendeleza kazi ya mkuu wa wilaya.

Mpaka hapa nimeongea kama mtu asiye na doa. Nina doa.

Mtaani kwetu kulikuwa na mkungu. Mkubwa, mpana, matawi yake yamekaa tabaka tabaka kama rafu. Chini yake mama lishe mmoja ameuza chapati na supu tangu sijahamia pale. Mkungu una jambo moja zuri sana kwa mwenye kamera: majani yake kabla ya kudondoka yanageuka mekundu, mekundu ya kweli, na jani moja linaweza kuwa na kijani, njano, na damu kwa pamoja. Nilikuwa nimenunua lenzi yangu mpya, ile ya pesa ya pikipiki, niliyoilipia kwa miezi minane. Kila msimu nilikuwa chini ya mti ule. Nilipiga picha 143 za majani yake. Jua limepita nyuma, mishipa inaonekana kama ramani ya mito. Nyuma? Uji.

Asubuhi moja wakaja watu na msumeno, fulana za rangi ya chungwa, na lori. Kufikia saa tano mkungu ulikuwa magogo. Maelezo yaliyotolewa: mti uliegemea nyaya za umeme, ulikuwa hatari. Watu wa mtaa wakabisha, nyaya zilikuwa mbali. Likaitishwa kikao, kwa sababu kama mti ulikatwa bila sababu basi walau tupandiwe mwingine, na mama alipwe kivuli chake. Mjumbe akanigeukia mbele ya watu: "Wewe si ndiye mwenye kamera? Kila siku ulikuwa hapa. Tuletee picha tuone kama nyaya ziligusa."

Nikaenda nyumbani nikafungua kompyuta. Picha 143. Katika picha zote hizo hakuna waya hata mmoja. Hakuna shina, hakuna nguzo, hakuna benchi la mama lishe. Nilikuwa nimevifuta mwenyewe, kwa makusudi, na kwa ufundi wa hali ya juu. Mtu akiniambia picha zile zilipigwa Manila siwezi kumpinga.

Iliyopatikana ni picha moja, ya binti wa mama lishe, aliyejipiga mwenyewe kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Kichwa chake kimekatwa nusu. Taa imeungua upande mmoja. Na nyuma yake, wazi kabisa, kila kitu kikiwa kikali kama wembe kwa sababu simu yake ni ya bei rahisi na haijui kupaka ukungu: mti mzima, nguzo, na nyaya zikipita zake mbali, nafasi ya kupitisha daladala kati yake na tawi la mwisho. Kikao kizima kiliinamia ile simu, ikapita mkono kwa mkono. Mzee mmoja akavaa miwani akaisoma kama barua.

Mti haukurudi, na kivuli hakikulipwa. Lakini nataka mwelewe nilivyojisikia nimekaa pale na kompyuta yangu mapajani, mtu pekee mtaani anayejiita msanii wa mimea, na ushahidi wangu wote ni wa uzuri.

Mtasema nawageuza wasanii kuwa mapolisi wa kukusanya ushahidi. Hapana, sijasema hivyo. Picha ya yule binti haikuwa sanaa, na sitaki tuanze kujidai kwamba kila picha mbovu ni ya kweli. Ninachosema ni kigumu zaidi: jani la mkungu pamoja na waya, ukuta na benchi ni picha ngumu kuipanga kuliko jani peke yake. Itakubidi usogee, upige magoti, usubiri bodaboda ipite, uchague saa ambayo kivuli cha nguzo hakikati shina. Ukungu ni njia ya mkato. Unamwondolea mpiga picha kazi yake halisi, ambayo ni kuamua vitu hivi vinahusianaje. Mwandishi anayefuta kila kitu isipokuwa hisia ya mhusika tunamwita mvivu. Mpiga picha akifanya vilevile tunampa kijimoyo.

Na wakati mwingine uzuri wenyewe unahitaji mji ili uonekane. Mwishoni mwa mwaka 2020 pale Waiyaki Way, Nairobi, mugumo mmoja wa miaka kama mia hivi ulikuwa mbioni kukatwa kupisha barabara ya juu. Watu wakapiga kelele, amri ikatoka, ukaachwa. Waliopiga kelele hawakuwa wanatetea "uzuri wa asili". Walikuwa wanatetea mugumo ule, wa Westlands, ambao kila mtu wa matatu aliujua. Hata Wangari Maathai mwaka 1989, alipopinga ghorofa sitini ndani ya Uhuru Park, alikuwa akitetea nyasi ambazo watu wa Nairobi walizikalia Jumapili. Mugumo bila barabara ni mti mkubwa tu. Mugumo na tingatinga mlangoni ni kitu kingine kabisa, na hiyo ndiyo picha ninayotaka kuiona imetundikwa ukutani kwenye maonyesho, siyo waridi la kumi na tisa.

Mimi nimeiuza ile lenzi. Nabeba nyingine, ndogo, ya kawaida, na tundu lake nalibana mpaka ukuta wa nyuma usomeke. Nachagua mmea mmoja, nauendea kila wiki, naandika jina lake, mahali, tarehe na saa. Nusu ya picha ni mbaya. Zilizobaki zina debe la taka ndani yake, na nimeanza kulipenda hilo debe.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwenye kisiki cha mkungu. Kimechipua, vitawi vinne, majani makubwa yanayong'aa kana kwamba hayajasikia habari. Nyuma yake ukuta ulioandikwa "Usikojoe hapa", juu nguzo na nyaya zake, kando mama lishe amerudi chini ya mwavuli wa kampuni ya simu. Nikarudi nyuma hatua sita ili vyote viingie. Mama akainua kichwa.

"We binti, mbona unapiga na masufuria yangu machafu?"

"Hayo nayataka, mama. Yaache hivyohivyo."

"Nani kasema? Subiri niyaoshe."

Nikasubiri.